Kuhusu rangi ya njano kwenye ripoti ya wilaya ya shule za sekondari, California

Ndugu, umeuliza kwa nini wilaya anakosoma binti yako imepewa rangi ya njano katika kigezo cha kuhitimu, ilhali asilimia ya wahitimu ni kubwa. Dashibodi ya jimbo, yaani ripoti ya mtandaoni inayopima shule na wilaya zake kwa rangi, iliyoanza mwaka 2017, haitazami kiwango cha mwaka husika peke yake, bali hukipima pamoja na mabadiliko tangu mwaka uliotangulia, ndipo itoe moja ya rangi tano, kuanzia nyekundu hadi buluu. Kwa hiyo wilaya nzuri iliyoteleza huweza kukaa njano pamoja na dhaifu inayopanda. Binafsi rangi ya jumla hainishughulishi sana. Fungua mgawanyo wa makundi, hasa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, kwa kuwa humo ndimo pengo hujificha.

Kisha soma mpango wa uwajibikaji wa miaka mitatu, yaani waraka wa wilaya unaoeleza hatua zake na fedha za kuzitekeleza, ambao bodi ya wilaya hulazimika kuupitisha kabla au ifikapo tarehe 1 Julai, baada ya kusikiliza wananchi katika kikao cha awali. Kila hatua imeandikiwa dola zake, na sehemu ya marekebisho ya mwaka huonyesha zilizopangwa na makadirio ya zilizotumika. Nenda kikaoni na ukurasa huo mkononi.