Kutapika na kuendesha mimba ikiwa na wiki 34: yaliyonikuta mimi

Pole sana mdogo wangu. Umeuliza kama kutapika na kuendesha miezi minane hii kutamdhuru mtoto, na kama uvumilie mpaka kesho. Mimi yalinikuta mwaka jana, mimba ya pili, wiki ya 34.

Mwanangu mkubwa ndiye aliyeleta. Katoka chekechea Jumatatu, katapika mara mbili, Jumanne yuko nje anacheza mpira. Jumatano saa nane usiku ikawa zamu yangu: nimekaa chooni, ndoo mapajani, na kwa tumbo lile hata kuinamia ndoo ni shughuli.

Kosa langu lilikuwa kiu. Nikagugumia glasi nzima ya maji, ikarudi yote. Nyingine, vilevile. Kilichokaa tumboni ni ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, nikinywa kijiko kimoja kila dakika mbili tatu. Mume wangu alishika simu akihesabu dakika kama refa. Nikitapika tunapumzika dakika kumi, tunaanza upya. Chumvi yake inakera, ila ikiwa ya baridi inapita. Ikimaliza saa 24 imwage, changanya nyingine.

Alfajiri tumbo likaanza kukaza. Linakuwa gumu, linaachia, linarudi. Mkojo kama chai ya rangi, mtoto kimya. Tukachukua kadi ya kliniki tukaondoka.

Walinipima presha, mkojo, malaria na mapigo ya mtoto. Nilidhani wananizungusha, kumbe kutapika mimba ikiwa kubwa kunaweza kuwa malaria, au dalili ya kifafa cha mimba, hasa kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au maumivu yakiwa chini ya mbavu upande wa kulia. Nesi akauliza kama choo ni cheusi. Nikasema ndiyo, moyo ukapiga paa! Akauliza tena, "FEFO unameza?" Kumbe hivyo vidonge vya kuongeza damu ndivyo vinavyofanya choo kiwe cheusi.

Mimi nilikuwa nimeishiwa maji tu, na hilo peke yake linaweza kulifanya tumbo likaze. Chupa mbili za dripu, likatulia, na mtoto akaanza mateke yake.

Vidonge vya kufunga kuharisha alivyoniletea jirani, daktari alisema nisiviguse. Nawe, ukiacha ORS, usimeze chochote cha duka la dawa bila kuandikiwa. Na mikono ni sabuni na maji, kila ukitoka chooni. Mume wangu alitegemea sanitaiza, Ijumaa ndoo ikawa yake.

Sasa nijibu: mkojo wako una rangi gani? Damu kwenye choo ipo? Homa je? Na mtoto leo amecheza kama kawaida yake? Kama hajacheza, au hata vijiko vinarudi, weka simu chini uende sasa hivi, usingoje majibu ya wengine humu.