Laki tano, kilo saba na simu yako: barua kwa mwanangu

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza mawili: kama ni ujinga kuacha kuzungusha bahasha maofisini hapo Dar ili uuze korosho za kwetu mtandaoni, na kama laki tano ulizoweka zinatosha kuanzia. Ujinga si ujinga. Na laki tano zinatosha kwa kilo saba, kwa kilo kumi hazitoshi. Hesabu yake nitakupa chini. Ila tuanze na korosho yenyewe, maana huko ndiko wengi wanakoumia wakidhani kazi iko kwenye simu. Simu itakuuzia pakiti ya kwanza. Ya pili inategemea mteja alikuta nini alipofungua ile ya kwanza.

Kwanza sheria, kwa sababu hili linaweza kukufikisha polisi. Usinunue korosho ghafi, zile zenye maganda, kwa mkulima, hata awe mjomba wako wa Tandahimba na hata akubembeleze vipi. Ghafi zinapita AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinaingia ghalani kwa stakabadhi, kisha zinakwenda mnadani. Kununua pembeni ndiyo kangomba, na kangomba haina utetezi wa "sikujua". Wewe nunua korosho karanga, zilizokwisha kubanguliwa, kwa mbanguaji anayetambulika na anayekupa risiti. Vikundi vya ubanguaji vipo Mtwara mjini, Masasi, Newala na hukohuko Tandahimba. Risiti itunze, ndiyo itakayokutetea mzigo ukikaguliwa njiani.

Kubangua mwenyewe nako achana nako. Kilo moja ya karanga inataka kilo nne hadi tano za ghafi, maganda yana mafuta yanayobabua ngozi, na mkono usiozoea unavunja punje nyingi. Punje iliyovunjika inashuka daraja, na bei inashuka nayo.

Sasa madaraja. Utasikia W240, W320, W450. W maana yake punje nzima nyeupe, na namba ni idadi ya punje kwenye ratili moja, yaani gramu 454. Namba ikipanda, punje inakuwa ndogo. Kipimo chako ni kuhesabu: gramu 250 za W320 zinatoa punje kama 165 hadi 176, na gramu 250 za W240 zinatoa kama 121 hadi 132. Ukiuziwa "mia mbili arobaini" halafu ukahesabu punje 170, umelipia kubwa ukapewa ndogo. Hesabu mbele ya muuzaji, kwa adabu, kabla ya kutoa hela. Kwa kuanzia chukua W320: ni nzima, inapendeza kwenye picha, na bei yake haimkimbizi mteja. Vipande navyo vina soko lake kwa waoka keki, lakini usivichanganye na nzima hata kidogo. Mteja anayekuta vipande chini ya pakiti hakulalamikii, anakuacha tu.

Adui mkubwa wa korosho ni unyevu. Karanga nzuri haizidi asilimia 5 ya maji. Huna kipimo cha maabara, lakini una vidole: vunja punje katikati. Kavu inakatika kwa mlio, yenye unyevu inapinda kwanza. Kisha inuse. Ikikupa harufu ya mafuta ya zamani imeanza kuchacha, na chumvi haitaificha. Ukiona unga mweupe na nyuzi kama za buibui kwenye pembe za mfuko, ni viwavi wa nondo wa ghala. Rudisha mzigo wote, usichague. Hata mzigo safi unaweza kuwa na mayai usiyoyaona. Kama unapata friza, weka korosho humo siku nne zikiwa zimefungwa vizuri, kisha zitoe uziache zirudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko. Ukiufungua zikiwa bado baridi, hewa ya Dar itazirowesha zote, utakuwa umejiharibia mwenyewe.

Kuchoma kwa chumvi ndiko kutakakokutofautisha na wengine, kwa hiyo sikiliza. Kwa kilo moja, yeyusha gramu 12 za chumvi kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, nyunyizia huku unageuza, kisha anika kwenye sinia mpaka uso ukauke. Oveni iwe nyuzi 150, korosho zitandazwe safu moja, na kila dakika tano zigeuze. Kati ya dakika 15 na 20 zitaanza kubadilika rangi. Zitoe zikiwa bado hazijafikia rangi unayoitaka, kwa sababu moto uliobaki ndani ya punje unaendelea kuzipika nje ya oveni. Ukisubiri zikolee humohumo ndani, zikipoa zitakuwa chungu. Mwaga kwenye sinia baridi, tandaza, acha saa nzima.

Saa hiyo usiipunguze. Korosho ikifungwa ina joto inatoa mvuke ndani ya pakiti, mvuke unageuka matone, na baada ya siku chache punje ni laini kama zimechemshwa. Oda zikikubana utashawishika. Mwambie mteja "kesho asubuhi".

Kwenye pakiti, tafuta mfuko mzito wenye karatasi ya alumini ndani, usiopitisha mwanga wala hewa, na uuzibe kwa mashine ya joto juu ya zipu. Zipu peke yake inamsaidia mteja baada ya kufungua, haihifadhi korosho. Mfuko unaoonesha bidhaa ni mzuri kwa macho, lakini mwanga unaharakisha kuchacha. Picha utaipiga korosho zikiwa kwenye kibakuli. Lebo iwe na jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, jina na mahali ulipo, tarehe ya kufungasha, mwisho wa kutumika na namba ya toleo. Namba ya toleo wengi hawaiweki. Siku mteja mmoja akilalamika, hiyo ndiyo itakuonesha pakiti nyingine za mchomo ule ziko kwa nani. Andika pia kuwa ina korosho na inaweza kumdhuru mwenye mzio. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Hesabu sasa. Bei nitumie za mfano, wewe weka za siku utakayonunua. Kilo 10 kwa 28,000 ni 280,000. Ukitoa zilizovunjika, unapata pakiti 39 za gramu 250. Mfuko na lebo 600 kila pakiti, jumla 23,400. Basi 8,000, bodaboda ya kuutoa mzigo Mbagala 5,000, chumvi na umeme 6,000, bando 10,000, tangazo la kulipia 20,000. Jumla 352,400, kila pakiti imekugharimu 9,036. Ukiuza 12,000 unabaki na 115,600. Ukiuza 10,000 ili uwe rahisi kuliko wenzako, unabaki na 37,600, na ukigawa pakiti tatu za kuonjesha zinabaki 7,600 kwa kazi ya wiki nzima. Kushusha bei ndiko kunakoua biashara hizi, na kunaua polepole huku oda zikimiminika, ndiyo maana mtu hashtuki.

Halafu mifuko haiuzwi 39. Ikiwa watakuuzia kuanzia 100, hapo ni 60,000 badala ya 23,400. Ongeza mizani na mashine ya kuzibia, tuseme laki moja, na 20,000 ya kusajili jina. Umefika 509,000, laki tano zimeshapasuka. Ukipunguza mzigo uwe kilo saba, jumla inashuka hadi 425,000 na unabaki na 75,000 usizozigusa. Zikikupungukia, usikimbilie mikopo ya kausha damu ya kwenye simu. Mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, hauna riba, ila kwa vijana unatolewa kwa vikundi, si kwa mtu mmoja.

Kuhusu njia: mzigo ukija kwa basi, nitaufunga mfuko ndani ya mfuko kisha kwenye boksi gumu, kwa sababu korosho zinanyonya harufu na mabasi ya kusini yanabeba samaki wakavu na pweza. Kondakta apewe namba yako, nawe upewe namba ya basi na picha ya risiti. Na weka akiba ya mauzo ya wiki mbili hapo Dar wakati wa mvua. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kule Somanga, Kilwa, na mzigo uliokuwa Mtwara ulibaki Mtwara.

Upande wa simu sina mengi. WhatsApp Business inakupa katalogi na majibu ya haraka, inatosha, tovuti subiri. Picha piga asubuhi karibu na dirisha, na kila picha iandikwe bei, uzito na gharama ya kupeleka. Ukimwandikia mtu "njoo inbox" kwa kila swali la bei, ataenda kwa mwingine. Wateja wako wengi ni walewale wa maofisini, kwa hiyo tangaza kuanzia tarehe 25 hadi tarehe 5, mishahara inapokuwa imeingia. Malipo yapitie Lipa Namba, na usiachie pakiti kwa kuoneshwa meseji; angalia salio lako kwanza, meseji za kughushi ni nyingi. Anayesema atalipa mwisho wa mwezi, mwambie utamletea mwisho wa mwezi.

Usajili si mgumu ukifuata mpangilio. Ukiwa na namba ya NIDA, jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, TIN ya TRA haina malipo, kisha leseni ya halmashauri. Chakula kilichofungashwa kiko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, kazi hiyo ilipotoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Pita SIDO kwanza, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha ufungashaji na wanakutambulisha TBS. Alama ya TBS usiibandike kabla hujapewa leseni ya kuitumia, hata kama mchapa lebo atakuambia kila mtu anafanya hivyo.

Na kuhusu ofisi, sikulazimishi. Lakini mambo mengine ya ofisini utayafanya mwenyewe: saa ya kuamka, daftari la mauzo kila jioni, akaunti ya biashara isiyochanganywa na hela ya kula. NSSF wanapokea waliojiajiri, jiandikishe mapema, na bima ya afya usiiache. Kwa miezi mitatu ya kwanza endelea kutuma maombi ya kazi huku unauza. Mwezi wa nne fungua daftari uangalie kitu kimoja: wateja wangapi wamenunua mara ya pili bila kutangaziwa. Wakiwa wachache, tatizo liko kwenye pakiti. Usiongeze matangazo kabla hujalipata.

Kilo saba sikutumii bado. Alhamisi zinakuja pakiti mbili za gramu 250, moja W240 na nyingine W320, zote hazina maandishi. Zihesabu punje, vunja chache kutoka kila moja, kisha uniandikie ipi ni ipi, na ni ipi kati yake imeanza kupata unyevu.

Mama yako,
Mtwara