Mzee aliyemaliza mionzi ya tezi dume: msimwache alale mchana kutwa

Mkuu, umeuliza kama baba yako wa miaka 71, aliyemaliza mionzi na sasa anachomwa sindano ya homoni kila miezi mitatu, aachwe apumzike kwa kuwa anasinzia mchana kutwa na jembe limemshinda. Hapana, asiachwe. Huo si uvivu, wala si uzee peke yake. Sindano ile inashusha homoni ya kiume hadi chini kabisa kwa sababu ndiyo inayolisha saratani ya tezi dume, lakini homoni hiyohiyo ndiyo inayoshikilia misuli, mifupa na damu. Akilala sana misuli inazidi kuisha, na misuli ikiisha hata safari ya chooni inakuwa kazi. Uchovu wa mionzi huisha taratibu, kwa wiki au miezi. Wa homoni hukaa muda wote wa sindano, kwa hiyo msisubiri uishe ndipo aanze kujongea.

Kwanza, kliniki ijayo ombeni apimwe wingi wa damu, sukari na presha. Dawa hizi hushusha damu, na mwenye upungufu wa damu atahema tu hata mkimhimiza vipi. Ulizeni pia kama saratani imefika kwenye mifupa. Ikiwa imefika, mazoezi hayafutwi, ila asibebe gunia wala kujipinda kwa nguvu mpaka mtaalamu wa fiziotherapia amwelekeze.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni la kiti. Chukua kiti kigumu cha kimo cha goti, kiegemeze ukutani kisiteleze. Mzee akae nusu ya mbele, nyayo zirudi kidogo nyuma ya magoti, ainame mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha asimame bila kusukuma kwa mikono. Kushuka ahesabu moja, mbili, tatu. Wengi hukosea hapo: wanajitupa kitini, na zoezi linapotea, maana misuli hujengeka sana katika kushuka. Kosa la pili ni kubana pumzi. Presha ya tumbo inasukuma kibofu na mkojo unamtoka, naye kwa aibu anaacha kabisa. Akaze kwanza misuli ya chini, kama anayezuia ushuzi, ndipo ainuke huku akitoa pumzi. Aanze mara tano, apumzike dakika mbili, arudie tano. Siku tatu kwa wiki, akiongeza moja moja.

Ile misuli ya chini aifanyie kazi peke yake pia: akaze sekunde tano, aachie tano, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Matako na tumbo vibaki vimelegea. Asijizoeze kwa kukata mkojo katikati, maana kibofu kinaweza kubaki na mkojo. Matokeo huchukua wiki kadhaa, hata miezi mitatu. (Kwa aliyepasuliwa, asianze mpaka mpira wa mkojo utolewe.)

Kutembea kuwe asubuhi kabla ya jua kali, dakika kumi, na kumi tena jioni, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Ongezeni dakika tano kila wiki mpaka zifike 150 kwa wiki. Kesho yake akiamka hoi, punguzeni kidogo, lakini asiache kutembea. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Chai na kahawa ziishie saa kumi, la sivyo kibofu kitamwamsha usiku kucha.

Chakula: ugali na mchicha peke yake havijengi misuli. Mzee wa kilo 60 anahitaji kama gramu 60 hadi 70 za protini kwa siku, zigawanywe milo yote: mayai mawili asubuhi ni gramu 12, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, na kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja kama 20. Dagaa waliwe wazima, maana mifupa yao ina kalisiamu anayoihitaji sana. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Akipata maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala, miguu ikilegea au kufa ganzi, au mkojo na choo vikimgomea ghafla, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na kuchelewa kwa saa chache kunaweza kumwacha asitembee tena.