Unayetaka kuanza uzamivu na Collatz, soma hapa kwanza

Mdogo wangu, subiri. Unasema unachagua kati ya matatizo ya hisabati ambayo bado hayajatatuliwa, ya Riemann, Goldbach na Collatz, na Collatz inakuvuta kwa sababu "haihitaji kusoma mengi". Maneno hayohayo niliambiwa na msimamizi wangu, yakanila miaka mitatu.

Kanuni ya Collatz unaijua: namba shufwa igawe kwa 2, witiri izidishe kwa 3 uongeze 1, rudia hivyo hivyo, na dai ni kwamba kila namba nzima chanya itafika 1. Nilianza na 27. Inapanda hadi 9232, inamaliza hatua 111 ndipo itue. Usiku ule sikulala. Nikaona kwamba kutoka witiri moja hadi inayofuata, kwa wastani unagawa kwa 2 mara mbili, hivyo namba hubaki kama robo tatu yake. Kinachopungua hivyo lazima kifike chini, nikasema, nikajaza kurasa 60 juu ya neno hilo "wastani".

Msomaji wa nje alizirudisha na alama moja ya kalamu pembeni: −5. Nikaijaribu palepale. −5, −14, −7, −20, −10, halafu −5 tena. Inazunguka milele. Hoja yangu haikuwa na mstari hata mmoja unaotenganisha namba chanya na hasi, kwa hiyo kama ingekuwa sahihi, ingethibitisha uongo: kwamba hata −5 haizunguki.

Msimamizi yule hakuwahi kuigusa Collatz. Hilo silisahau: unamtumaje mwanafunzi kwenye msitu ambao wewe mwenyewe hujaukanyaga? Mwanahisabati Terence Tao, mwaka 2019, alipata matokeo kuhusu namba "karibu zote" tu, naye aliingia na zana alizozimudu miaka mingi.

Usichague tatizo, chagua kipande. Andika sentensi moja ndogo ambayo ukiithibitisha itachapika hata kama tatizo kubwa halikutikisika, kisha tafuta msimamizi aliyekwisha kuchapisha kwa zana hiyohiyo. Mwanahisabati Yitang Zhang, mwaka 2013, hakumaliza suala la namba tasa pacha, yaani kama jozi za namba tasa zinazopishana kwa 2 hazina mwisho. Alithibitisha kwamba jozi za namba tasa zinazopishana kwa chini ya 70,000,000 hazina mwisho, akiegemea njia ya wanahisabati Goldston, Pintz na Yıldırım. Wengine wakaishusha namba hiyo ya 70,000,000 hadi 246. Kipande kile kiliwafungulia watu kazi.

Kama sentensi hiyo huna, usijaze fomu, hata ikibidi uahirishe mwaka. Ukiipata iweke hapa chini, nitaisoma neno kwa neno.