Kurudi nyumbani si kushindwa maisha

Ndugu yangu, nimekuelewa. Umeacha kazi Kampala, umerudi Busia kuuza nafaka, na kila ukifungua simu unaona wenzako na magari mapya, basi unajiona umebaki nyuma. Pole sana.

Kwanza, usiuze kiwanja chako ili ununue gari la kuonekana. Nalisema kwa mkazo, maana nimeona watu wakimalizwa na mikopo ya simu baada ya kufanya hivyo. Ukihitaji mtaji, nenda SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya watu unaowafahamu, na usome masharti ya riba kabla ya kusaini.

Halafu tenga saa moja ya siku isiyo na bei, yaani isiyo ya kutafuta pesa. Mimi jioni hukaa na mama tukichambua maharage, mawe upande huu, yaliyotobolewa na wadudu upande ule, huku akinipa habari za shamba na majirani. Simu inabaki chumbani. Saa hiyo ndiyo inayonishikilia. Yako inaweza kuwa kwaya au kupalilia migomba, ila usiwe peke yako.

Kubana matumizi ni sawa, ila usijibane kwenye ada ya watoto wala dawa, hiyo ni dhiki.

Na kama usingizi umekatika, chakula hakipiti, huna hamu ya lolote kwa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya wakuelekeze kwa wataalamu wa afya ya akili. Hospitali ya rufaa ya Mbale haiko mbali sana, na Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda leo hii, na mtu unayemwamini.