Nimeombewa Mara Nyingi, Mbona Mwili Wangu Bado Unaogopa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mama Mshauri. Nina umri wa miaka 34 na nimeokoka miaka 12 iliyopita. Nilipokuwa na miaka 11, mjomba wangu, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa kanisa, alianza kuninajisi, na hali hiyo iliendelea hadi nilipopelekwa shule ya bweni. Nilipomweleza mama, alilia, kisha akanisihi ninyamaze ili familia isisambaratike. Nimefunga, nimewekewa mikono na watumishi wengi, na nimetamka kwa kinywa changu kwamba nimemsamehe. Hata hivyo, mtu akinigusa begani kutoka nyuma mwili wote hufa ganzi, na harufu ya mafuta ya nywele aliyokuwa akipaka hunirudisha katika chumba kile kana kwamba ni jana. Mchungaji wangu anasema ndoto mbaya ninazoota ni dalili kwamba sijasamehe kweli. Sasa mdogo wangu anafunga ndoa, mjomba atakuwepo, nami nimeambiwa nimsalimie mbele ya watu ili ionekane yamekwisha. Je, imani yangu ni haba? Na kwa nini sikupiga kelele wakati ule?
Dada Aliyechoka

JIBU: Dada yangu mpendwa, ninakuamini. Ninaanza na neno hilo kwa sababu ulipaswa kulisikia ukiwa na miaka 11, na badala yake ukatwishwa kazi ya kuitunza familia isivunjike, kazi ambayo haikuwa ya mtoto.

Nijibu kwanza swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokutesa kuliko yote. Mwili wa binadamu ukipatwa na hofu kubwa, na ukaona hakuna pa kukimbilia wala nguvu za kupambana, huweza kuganda: misuli hukaza, sauti hukauka kooni, na mtu hubaki kama anayejitazama kutoka mbali. Watu wazima wenye nguvu zao hupatwa na hali hiyo, sembuse mtoto aliyefundishwa kumtii mjomba na kumheshimu mzee wa kanisa. Kuganda si kukubali, na mtoto wa umri ule hana ridhaa ya kutoa katika jambo kama hilo. Dhambi ile ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe.

Ganzi inayokupata ukiguswa begani, pamoja na ile harufu ya mafuta, chanzo chake ni hicho hicho. Jambo la kutisha mara nyingi hubaki akilini vipande vipande, katika harufu, katika mguso, katika mlio wa mlango, na kipande kimoja kikiguswa mwili hupiga king'ora kabla mwenyewe hujapata nafasi ya kufikiri. Mwili wako ulijifunza kukulinda, na bado haujasadiki kwamba hatari imepita. Kwa hiyo, pamoja na heshima niliyo nayo kwa mchungaji wako, sikubaliani naye: ndoto hizo ni dalili ya jeraha, na mtu aliyesamehe kwa moyo wake wote anaweza kuziota kwa miaka mingi.

Kuhusu imani haba, nakuomba ufungue Marko sura ya 8. Kipofu wa Bethsaida aliletwa kwa Yesu, naye Yesu akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, mbali na macho ya watu, akamwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu hakutoa ushuhuda wa kumfurahisha yeyote. Alisema ukweli, kwamba anaona watu kama miti, ila wanatembea. Yesu hakumkemea kwa kutopona mara moja. Alimwekea mikono tena. Nimehudhuria ibada nyingi ambamo aliyeombewa alilazimika kusema amepona kabisa, ili maombi ya mtumishi yasionekane yameshindwa, na ninasikitika kwamba huenda hayo yamekupata nawe. Katika sura ya 10 ya Injili hiyo hiyo Yesu anamwuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini. Nawe una haki ya kuulizwa. Mwambie anayekuombea asimame mbele yako unapomwona, asikuguse, wala asikudai ufumbe macho.

Biblia haikuficha habari kama yako. Katika 2 Samweli 13, Tamari alinajisiwa na Amnoni, mwana wa baba yake, ingawa alimsihi asifanye upumbavu ule. Kaka yake Absalomu akamwambia anyamaze, asilitie jambo lile moyoni. Mfalme Daudi, baba yao, alikasirika sana, lakini husomi popote kwamba alimwadhibu Amnoni, wala kwamba alizungumza na binti yake baada ya siku ile. Tamari akakaa katika ukiwa nyumbani mwa Absalomu, na baada ya miaka miwili Absalomu akaagiza Amnoni auawe. Kila niisomapo sura hiyo huniuma kwamba wanaume wale walikuwa na nafasi ya hasira na ya kisasi, lakini hakuna aliyekaa chini kumsikiliza Tamari. Ukimya haukuiokoa nyumba ya Daudi.

Sasa harusi. Kusamehe ni kumwachia Mungu kisasi, kama Paulo anavyoandika katika Warumi 12. Kupatana ni jambo jingine, nalo linahitaji watu wawili, aliyekosa akiwa amekiri na kutubu. Katika Luka 17:3 Bwana mwenyewe anatanguliza kuonya na toba. Mjomba wako, kwa jinsi ulivyoandika, hajakiri lolote, na salamu ya mbele ya watu ingemsafisha yeye na kukuumiza wewe. Nenda ukiweza, ukiwa na rafiki anayejua, ukiwa umechagua kiti kilicho karibu na mlango. Au usiende, nawe hutakuwa umetenda dhambi. Hata kumfikisha mbele ya sheria si kukataa kusamehe.

Kuna jambo hukuuliza, nami siwezi kulinyamazia: je, mjomba huyu bado huachiwa watoto? Ikiwa ndivyo, ni lazima watu wazima wa familia, wazazi wa watoto hao wakiwa wa kwanza, waambiwe, na vyombo vinavyowalinda watoto vihusishwe. Sikutwishi mzigo huu peke yako. Mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini aubebe pamoja nawe.

Mwisho, mtafute mnasihi aliyefunzwa kuwahudumia manusura wa ukatili wa kingono. Kwenda kwake si kumwacha Yesu, kama vile kwenda kufungwa mfupa uliovunjika si kumwacha. (Na msomaji yeyote aliyetendewa ukatili huu siku hizi, tafadhali afike hospitali upesi, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72.) Mnasihi mwema hatakulazimisha kusimulia yote siku ya kwanza, ataanza kwa kukufundisha namna ya kuutuliza mwili king'ora kinapolia. Ukifika kwake ukakosa maneno ya kuanzia, mpe barua hii uliyoniandikia aisome, nawe ukae kimya kadiri utakavyohitaji.