Nota za kwaya ulizoskani: usiprinti bado!

Mkuu, hizo kopi unazotaka kutoa Ijumaa zisimamishe kwanza. Umeandika mpango wako na nota za kwaya: "Nipitishe skani kwenye programu, nirekebishe maneno, niprinti." Hapo umenitonesha kidonda.

Nami nilikuwa na nota za zamani, kurasa 6, flati 4 (zile alama za kushusha nota, mwanzoni mwa mstari). Nikazipitisha Audiveris (programu ya bure ya kusoma nota zilizoskaniwa), nikatoa faili la MusicXML (la nota), nikalifungua MuseScore, programu ya kuhariri na kucheza nota. Ukurasa unang'aa! Nikaucheza kwa spika ya laptopu, nikajipongeza. Jamaa wa stesheneri alishaniapia, "Mashine inasoma yenyewe, wewe ni kuprinti tu." Inasoma yenyewe! Mtu hajui hata do inakaa mstari gani, ila ushauri anao wa kutosha parokia nzima.

Kumbe ukurasa wa 3, mstari wa besi, flati ya nne ilififia kwenye skani. Programu ikahesabu 3, kila fa ya besi ikawa fi (fa iliyopanda nusu toni). Spika ya laptopu besi haitoi, na wimbo naujua, sikio likajijazia. Kopi 45 kwa sh. 100 ukurasa, 27,000 hiyo. Hela tungesamehe. Shida ni kwamba besi walifanya mazoezi peke yao wiki nzima, wakaikariri ile fi kama Baba Yetu. Siku ya kukutana sauti zote, tenori wameshika fa, besi wanaunguruma fi. Mwalimu akashusha mikono, akanitazama. Mimi nikatazama dari. Kanisa letu lina dari zuri sana.

Nikaprinti upya, 27,000 nyingine. Pasaka nusu ya besi wakaimba fa, nusu fi.

Kwa hiyo: fungua miksa (sehemu ya MuseScore ya kuwasha na kuzima kila sauti), zima sauti tatu kati ya nne, vaa hedifoni, sikiliza moja mpaka mwisho, kidole kikiwa kwenye karatasi ya zamani. Halafu inayofuata. Soprano na alto wakiwa wamebanwa mstari mmoja, watenganishe kwanza. Baa (kipande cha nota kati ya mistari miwili ya wima, si ile ya kona) ikipungua mapigo, programu itakuonyesha. Flati ikipotea, programu inanyamaza kimya.

Uliuliza pia simu gani inaskani vizuri na nini sijui kingine. Tafuta skana ya mezani, dpi 300 (kipimo cha ukali wa picha). Hayo mengine wataalamu watakuja.

Ila zima sauti tatu, mkuu. Mimi nina besi wanne hapa, mpaka leo wimbo ule ukianza naona wanavuta pumzi ya fi.